Goti Linaachia Baada ya Upasuaji wa ACL: Mwongozo Kamili wa Kujua Sababu na Kulirudishia Nguvu

Goti likianza kuachia miezi michache baada ya upasuaji wa ACL, yaani kuwekewa upya ile kamba ya katikati ya goti, wazo la kwanza linalomjia mtu ni kwamba kamba hiyo, mshipa mpya, imekatika. Anaacha mazoezi, anarudi kwenye magongo, anaanza kuuliza bei ya kufanyiwa tena Nairobi au India. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wengi wanaonijia na hofu hiyo nakuta mshipa wao ni mzima. Kilicholala ni msuli wa mbele wa paja. Wapo wachache ambao kweli wameumia tena, na hao wakiachiwa mazoezi peke yake huendelea kusaga gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, kila goti linapochomoka. Kazi kubwa basi ni kuyatenganisha makundi haya mawili. Sehemu nzuri ya kazi hiyo unaweza kuianza nyumbani, uwe Kampala, Bombo, Arua au Kasese, kabla hujalipia picha ya MRI.

Dalili zisizosubiri

Ukiona mojawapo ya hizi, weka mwongozo huu kando uende hospitali.

- Shavu la mguu limevimba, lina joto na linauma ukilibonyeza. Hiyo huenda ikawa damu iliyoganda kwenye mshipa wa damu. Ikiambatana na kifua kuuma au pumzi kukata, nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.
- Una homa, goti ni jekundu na lina moto, au kidonda kinatoa usaha. Usinunue vidonge duka la dawa ukasubiri kuona. Vijidudu ndani ya kiungo hula gegedu kwa siku chache tu.
- Goti lilizunguka, ukasikia kitu kinakatika, na likajaa ndani ya saa chache. Kujaa kwa haraka namna hiyo kwa kawaida ni damu.
- Goti limekwama, halinyooki kabisa hata ukilisaidia kwa mikono.

Kinachoendelea ndani ya goti

ACL ni kamba fupi iliyo katikati ya goti. Inaushikilia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja, na hasa usizunguke unapokata kona. Ikikatika, mara nyingi haiungani vizuri yenyewe, ndiyo maana daktari huweka nyingine mahali pake. Huichukua kwenye mwili wako mwenyewe: kano za misuli ya nyuma ya paja, kipande cha kano iliyo chini ya pia ya goti, au ya juu yake. Anatoboa matundu katika mifupa yote miwili, anaipitisha, anaifunga.

Kano hiyo ikishahamishwa haina damu yake. Ni kama chipukizi la mgomba lililong'olewa na kupandwa shamba jingine, ambalo majani yake ya kwanza hunyauka kabla mizizi haijashika. Seli za zamani hufa, mishipa midogo ya damu huingia polepole, na mwili huifuma upya. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa, na kukomaa kwake huchukua mwaka mzima na zaidi. Hapo ndipo vijana wa mpira wanapoumia. Mwezi wa 3 maumivu yameisha, hachechemei tena, kocha anampigia simu, naye anajiona amepona. Ndani, kano bado ni changa.

Jambo la pili ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha ni hili: goti lenye maji huuzima msuli wa mbele wa paja. Msuli haujakatika wala neva haijakatika. Kiungo kikivimba, uti wa mgongo hupunguza amri zinazokwenda kwenye msuli huo, na hata maji kidogo yanatosha. Ndiyo sababu mtu anaweza kujikokota na mazoezi mwezi mzima na paja likabaki jembamba kama mkono. Anaufanyisha kazi msuli uliozimwa.

Hatua ya 1: Jua linaachia namna gani

Usiseme tu "linaachia". Jiulize lilikuwa linafanya nini wakati ule, kwa sababu jibu hilo peke yake humpa daktari nusu ya habari.

Kama linakunjika mbele moja kwa moja unaposhuka ngazi, unaposhuka kilima cha Mengo au unapoinuka kwenye kiti, bila kuzunguka, na halijai maji baadaye, shuku msuli. Kama linauma kwanza karibu na pia kisha linakunjika, bado shuku msuli, maana maumivu huukata msuli ghafla.

Kama linachomoka unapogeuka, unaporuka shimo la barabarani na kutua huku umepinda, au unapokata kona, na unahisi mifupa miwili imepishana kisha ikarudi, halafu kesho yake limejaa, hapo mshipa wenyewe unashukiwa. Kama linakwama kwanza, linabofya kwa uchungu upande mmoja, kisha linaachia, huenda meniskasi, ile gegedu ya mwezi mchanga, imechanika.

Andika kila tukio kwenye simu: tarehe, ulikuwa unafanya nini, lilijaa au halikujaa.

Hatua ya 2: Likague goti lako

Anza na maji. Lala chali, mguu umenyooka, paja limelegezwa. Kwa kiganja, kokota upande wa ndani wa goti kutoka chini ya pia kwenda juu pajani, mara mbili tatu, kana kwamba unayahamisha maji. Sasa kokota upande wa nje mara moja kutoka juu kwenda chini, macho yako yakiwa kwenye kile kibonde cha ndani kando ya pia. Kikiinuka kama wimbi dogo, kuna maji. Kikijaa chenyewe hata kabla hujagusa upande wa nje, maji ni mengi. Kikibaki bonde, goti ni kavu. Fanya hivi kila asubuhi kabla ya kutembea. Kati ya vipimo vyote vya nyumbani, hiki ndicho ningependa kila mgonjwa akijue, kwa sababu kinakuambia kama kazi ya jana ilikuwa ya haki au ilizidi.

Kisha unyoofu. Lala kifudifudi kitandani, mapaja yote mawili juu ya godoro, miundi ikining'inia nje ya ukingo. Mwambie mtu aangalie visigino. Kisigino cha mguu uliopasuliwa kikiwa juu kuliko kingine, goti halijanyooka. Kila sentimita moja ya tofauti ni kama nyuzi moja. Goti lisilonyooka kabisa hulazimisha msuli kufanya kazi muda wote unaposimama, na msuli ukichoka linakunjika.

Tatu, kaa chini mguu umenyooshwa, kaza paja, inua mguu wote. Kama goti linakunjika kidogo wakati mguu unapaa, msuli haujaamka. Chukua pia tepu ya fundi cherehani upime mzunguko wa paja sentimita 15 juu ya pia, miguu yote. Tofauti inayozidi sentimita 2 inaonekana hata kwa macho.

Mwisho, kama umevuka miezi 3 na hauna maumivu, kaa kwenye kiti cha kawaida, nyanyuka kwa mguu mmoja, ukae tena taratibu. Hesabu unaweza mara ngapi kila mguu, na mtu akurekodi kwa simu kutoka mbele. Goti likiangukia ndani, nyonga nayo ni dhaifu.

Usimruhusu rafiki auvute muundi mbele "kuona kama umekatika". Kipimo hicho kinahitaji mikono ya mtaalamu, goti likiwa limekunjwa nyuzi 20 hadi 30 na mgonjwa amelegea kabisa. Kikifanywa vibaya hakitoi jibu, na kano changa inavutwa bure.

Hatua ya 3: Likaushe, linyooshe

Ukikuta maji au goti lisilonyooka, usiongeze uzito wowote bado.

Barafu ya kavera (mfuko wa plastiki) inayouzwa madukani inatosha sana. Ifunge kwa kitambaa, iweke kuzunguka goti dakika 15, mguu ukiwa juu kuliko kifua, mara tatu hadi nne kwa siku. Bandeji ya kubana inasaidia mchana. Punguza kusimama na kutembea kwa siku chache. Kuanzia hapo, kanuni ni moja: kibonde kikijaa zaidi asubuhi kuliko jana, kazi ya jana irudi nusu.

Kunyoosha: weka kisigino juu ya taulo lililokunjwa nene, nyuma ya goti pasiguse kitu, uachie uzito wa mguu ushuke dakika 10. Rudia mara nne au tano kwa siku. Lile pozi la kulala kifudifudi miundi ikining'inia ni zoezi pia. Usilale na mto chini ya goti, hata kama unapata raha. Raha hiyo ndiyo inayolikakamaza goti likiwa limekunjwa, na kulirudisha baadaye ni jasho jingi.

Ikiwa umefanya kwa uaminifu wiki kadhaa na bado goti linagonga ukuta mbele, kwa maumivu ya ndani kabisa, usililazimishe. Wakati mwingine nyama ya kovu huota mbele ya mshipa mpya na kuziba njia. Daktari anaweza kuiondoa kwa upasuaji mdogo.

Hatua ya 4: Liamshe paja

Anza na jambo linaloonekana dogo. Mguu umenyooka, kaza msuli wa mbele wa paja mpaka uone pia inapanda juu, shikilia sekunde 10, legeza. Mara 10, kila saa uliyo macho katika siku za mwanzo. Weka vidole juu ya msuli upande wa ndani, juu kidogo ya pia, uhisi kama kweli unakaza. Kama kuna idara ya fiziotherapia karibu yenye mashine ya umeme ya kuamsha misuli, iombe. Mapema inasaidia kweli.

Ukiweza kuinua mguu bila goti kukunjika, endelea: kuinuka kwenye kiti kwa miguu yote miwili, kuegemea ukuta na kushuka nusu, kupanda kidato. Halafu lije zoezi ninalolithamini kuliko yote kwa goti linaloachia, kushuka baraza. Simama kwenye ukingo wa baraza au kidato cha sentimita 15 kwa mguu uliopasuliwa. Mguu mzima, yaani usiopasuliwa, uning'inie mbele. Kunja goti polepole, hesabu nne, mpaka kisigino cha mguu mzima kiguse chini tu, bila kukiegemea. Rudi juu. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu muda wote, na nyonga isishuke upande. Goti likitetemeka katikati ya safari, hapo ndipo linapoachia kwenye ngazi. Punguza kimo cha kidato, ulijenge pale pale, kisha urudi juu.

Uzito haukosekani Uganda. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo jerikeni ya lita 5, ya 10 na ya 20 ni jimu kamili. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa ni kamba nzuri ya kuvuta. Msuli haukui kwa kupapaswa. Goti likiwa kavu na limenyooka, fanya mara tatu kwa wiki, seti tatu za mara 8 hadi 12, na mara mbili za mwisho za kila seti zikuumize paja kwa uchovu. Watu wengi wanaoniambia "nimefanya mazoezi miezi sita" wamefanya mazoezi yale yale mepesi ya wiki ya pili kwa miezi sita.

Tahadhari zipo. Zoezi la kukaa na kunyoosha goti na uzito kifundoni, katika miezi 3 ya mwanzo, lianzie goti lililokunjwa nyuzi 90 liishie 45 tu, na mtaalamu wako awe amekubali. Kama kano ilichukuliwa nyuma ya paja, usivute uzito kwa kisigino wiki 6 hadi 8 za kwanza. Kama meniskasi ilishonwa, mara nyingi kuchuchumaa chini kunakatazwa kwa miezi 4 hivi. Yote haya yameandikwa kwenye ripoti ya upasuaji, na una haki ya kupewa nakala. Iombe.

Ongeza kuinuka kwa vidole vya miguu, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, na kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Kukimbia taratibu kwenye njia ya tambarare kusianze kabla ya mwezi wa 3 kutimia, na goti liwe kavu, limenyooka, na uweze kushuka kidato bila kutetemeka.

Hatua ya 5: Choo, boda, sala na matope

Choo cha shimo. Kuchuchumaa mpaka chini ni mkunjo mkubwa kuliko mazoezi mengi, tena mahali penye utelezi. Kata tundu kwenye kiti cha plastiki ukiweke juu ya shimo, na upate kitu imara ukutani cha kushika.

Boda. Mguu unaobaki chini wakati wa kupanda ndio unaobeba mzunguko wote, kwa hiyo uwe mguu mzima. Kama umepasuliwa goti la kulia, panda kutoka kushoto kama kawaida. Kama ni la kushoto, panda na ushuke upande wa kulia, na kwa kuwa huko ndiko magari yanakopita, mwambie dereva aingie kabisa nje ya barabara. Usikae upande. Na ndugu zangu mnaoendesha: pikipiki iliyopakia abiria na gunia la mkaa ikianza kuanguka, mguu unaoitegemeza hupata nguvu ya kukata hata mshipa uliokomaa. Usirudi kazini kabla hujaweza kusimama kwa mguu huo mmoja na kuyumbishwa bila goti kukunjika, na kiki ipigwe kwa mguu mzima.

Taksi. Omba kiti cha mbele au cha pembeni pa kunyoosha mguu. Wakati wa kushuka, tua kwanza, kisha geuza mwili mzima kwa hatua ndogo. Kugeuka huku unyayo umebaki umegandia chini ndiko kunakochomoa.

Sala. Kwa Muislamu, kukaa kati ya sijida kunakunja goti karibu mpaka mwisho, na kupiga goti huumiza zaidi ikiwa kano ilitolewa chini ya pia. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kusali ameketi. Itumie bila kuona haya.

Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, njia za udongo mwekundu huwa sabuni. Vaa viatu vyenye meno, acha sandali. Kubeba jerikeni mbili kwenye mteremko wa matope kunaweza kusubiri. Watu wa nyumbani kwako waelezwe hivyo waziwazi.

Kuhusu wakandaji na waungaji mifupa: nawaheshimu wazee wetu na najua wamesaidia wengi. Ila goti lililowekewa mshipa mpya lisivutwe, lisipindishwe, lisikandwe kwa maji ya moto likiwa limevimba.

Hatua ya 6: Kurudi uwanjani

Utafiti uliofanywa Delaware, Marekani, na Oslo, Norwei, ukachapishwa 2016, ulikuta kwamba kila mwezi ambao mchezaji aliahirisha kurudi, mpaka kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa asilimia 51. Sijui dawa ya bei nafuu kuliko hiyo. Kwa kijana aliye chini ya miaka 20, ambaye hatari yake ni kubwa zaidi, mimi husema ngoja hata mwaka.

Muda peke yake hautoshi. Mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Kwenye jimu yenye mashine ya kunyoosha goti, tafuta uzito ambao kila mguu unaweza kuinua mara 8: kama mzima unabeba kilo 40, uliopasuliwa ubebe 36. Pima kuruka kwa mguu mmoja, mara moja na mara tatu mfululizo, kwa tepu. Usiridhike na kuruka tu, kwa sababu nyonga na kifundo hujua kulificha goti dhaifu.

Kisha rudi kwa ngazi: kukimbia moja kwa moja, kuruka na kutua, kukata kona polepole, kukata kona kwa kasi, mazoezi na timu bila kugongana, mazoezi kamili, ndipo mechi. Timu ikikubali kutumia ile programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+, ya dakika 20 hivi, mara mbili kwa wiki, inalinda magoti ya wote, pamoja na goti lako la pili, ambalo nalo sasa liko hatarini.

Hatua ya 7: Likiwa ni mshipa kweli

Kama goti ni kavu kati ya matukio, limenyooka, paja limejaa, na bado linachomoka ukigeuka, mwone daktari wa mifupa anayefanya upasuaji wa goti. Unaweza kuanzia Mulago, hospitali ya CoRSU kule Kisubi, au hospitali ya rufaa ya mkoa wako wakuelekeze. Nenda na ripoti ya upasuaji, picha zote pamoja na diski zake, na yale uliyoandika kwenye simu.

Atapima kwa mikono, ataagiza eksirei ya mbele na ya ubavuni ukiwa umesimama, na pengine MRI. Muulize mambo haya moja kwa moja: Matundu ya mfupa yako mahali sahihi? Meniskasi ni nzima? Kona ya nje na nyuma ya goti imepimwa? Mteremko wa mfupa wa muundi ni mkali kupita kawaida? Mshipa mpya ukikatika bila ajali kubwa, sababu mara nyingi imo kwenye mojawapo ya majibu hayo, na kuweka mshipa wa pili bila kuishughulikia ni kumrudisha mgonjwa kwenye njia ile ile.

Si kila mshipa uliokatika tena unahitaji kisu. Mwalimu au mfanyabiashara asiyecheza mpira, ambaye goti lake limetulia kwa mazoezi, anaweza kuishi vizuri bila upasuaji wa pili. Anayechomokwa akitembea tu, au ambaye meniskasi inaendelea kuchanika, ana sababu nzito ya kufanyiwa. Matokeo ya mara ya pili kwa kawaida hayafikii ya mara ya kwanza, na matundu yakiwa yamepanuka, daktari huweza kuyajaza mfupa kwanza, asubiri miezi kadhaa, ndipo aweke mshipa.

Ukipangiwa hivyo, usikae kusubiri tarehe. Rudi kwenye Hatua ya 3 na ya 4 leo: liingize goti chumba cha upasuaji likiwa kavu, limenyooka, na paja lenye nguvu, maana linavyoingia ndivyo litakavyoanza kutoka.